KIFAA CHA NYUMBANI KINAVYOPATA KUWA BIDHAA YA DUKANI

Mwaka 2020, katika kijiji cha Mukwa, Kaunti ya Bungoma, baba mmoja alinunua vipande vya mbao ili atengeneze fremu ya dirisha. Siku moja aliporudi kutoka kazini alikuta mbao zile zimekwisha kupewa kazi nyingine. Mwanawe, Stephen Wamukota, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amezigongomelea pamoja na kuzifanya mashine ya kunawia mikono. Mtu akikanyaga ubao ulio chini, chombo cha maji kilicho juu huinama na kumwaga maji, wala mtu huyo hana haja ya kukigusa kwa mkono. Kifaa kilikuwa hakijasimama imara, na baba akasaidia kukikaza; lakini fikira yenyewe ilikuwa ya mtoto. Aliipata baada ya kutazama katika televisheni mafundisho ya kujikinga na ugonjwa wa korona, ambao mgonjwa wake wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi mwaka ule.

Baba alitangaza habari za kifaa kile kwa njia ya Facebook, nazo zikaenea upesi. Tarehe 1 Juni 2020, Siku ya Madaraka, Stephen akawa miongoni mwa watu 68 waliotunukiwa na Rais Uhuru Kenyatta kwa utumishi wao wakati wa maradhi. Waandishi wa habari walipomhoji, alijibu kwamba sasa anazo mashine mbili, naye anataka kutengeneza nyingine zaidi.

Jibu hilo la mtoto ndilo jambo linalohitaji kufikiriwa na kila mtu mwenye mikono ya ufundi, awe Bungoma, Kitale au mahali pengine. Kutengeneza kifaa kimoja ni akili. Kutengeneza cha pili ni bidii. Lakini kutengeneza mia mbili, vikauzwa, vikanunuliwa, na mvumbuzi asibaki na madeni wala jina lake lisisahauliwe, hiyo ni kazi ya namna nyingine, nayo ina taratibu zake. Makala haya yanaeleza taratibu hizo.

TOFAUTI KATI YA KIFAA NA BIDHAA

Kifaa cha nyumbani hutumiwa na watu wanaojuana. Aliyekitengeneza yupo karibu, kikivunjika atakirekebisha. Kikiwa na dosari, watu wa nyumba ile huizoea bila kutambua: wajua kwamba ubao huu haukanyagwi kwa nguvu, na kwamba kamba ile hukazwa kila asubuhi. Kwa hiyo mwenye kifaa husema kwa moyo mweupe, "Kinafanya kazi vizuri," naye hasemi uongo. Kinafanya kazi vizuri mikononi mwake.

Bidhaa hutumiwa na mgeni. Mnunuzi wa Kiminini hamjui fundi wa Mukwa, wala hana mtu wa kumwuliza kamba hukazwa vipi. Kifaa kikimshinda siku ya tatu, hatakirudisha. Atakitupa nyuma ya nyumba na kuwaambia majirani kwamba amepoteza fedha zake. Basi kifaa hakijawa bidhaa kwa sababu kimeuzwa mara moja. Kimekuwa bidhaa pale mtu asiyemjua mtengenezaji anapokitumia bila kufundishwa, kisha akamtuma jirani yake akanunue kingine.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni majaribio. Mvumbuzi huchagua nyumba tatu au nne zisizofanana: pengine moja yenye watoto wengi, moja ya wazee, na mkahawa mmoja ambapo wateja hunawa kutwa nzima. Huweka kifaa pale kwa muda wa mwezi mmoja bila kutoa mafundisho. Kazi yake ni kutazama na kuandika: ni msumari gani ulilegea kwanza, mbao zilivimba kwa maji au la, mtoto mdogo aliweza kukanyaga au alikalia ubao. Daftari lile la makosa lina thamani kubwa kuliko sifa za rafiki.

Yafaa hata hivyo watu hawa wawe wachache, wenye kuaminika, na ikiwezekana watie saini karatasi ya kukubali kwamba hawatatoa habari za kifaa nje. Sababu yake itaonekana katika maelezo ya sheria.

JE, KIFAA NI KIPYA?

Swali la pili huwachukiza wavumbuzi wengi, lakini hapana budi liulizwe: je, kitu hiki hakijatengenezwa na mwingine?

Kunawa kwa maji yanayotiririka bila kushika chombo si jambo geni. Katika sehemu za mashambani za Kenya kinajulikana kibuyu chirizi, yaani mtungi au kopo lililoning'inizwa karibu na choo ili maji yatoke kidogo kidogo. Vingine huinamishwa kwa kamba iliyofungwa katika kijiti cha kukanyaga. Huko Zimbabwe, katika miaka ya 1980, Dr. Jim Watt wa Jeshi la Wokovu alieneza chombo cha kunawia kilichotengenezwa kwa kibuyu, kilichoitwa mukombe.

Habari hizi hazimpunguzii heshima mtoto wa Mukwa hata kidogo. Mtu aliyefika mahali kwa njia yake mwenyewe amefika, hata kama wengine walitangulia. Lakini sheria huuliza swali jingine. Haiulizi kama mvumbuzi alikuwa anajua. Huuliza kama jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujulikana popote ulimwenguni. Basi mtu hawezi kudai kwamba fikira ya kunawa kwa kukanyaga ni mali yake. Huenda akaweza kudai mpango fulani wa mbao, egemeo na vikanyagio ambao haukupata kutengenezwa na mtu. Mvumbuzi mwenye busara hutafuta ni sehemu gani hasa ya kifaa chake iliyo mpya, na hiyo ndiyo huilinda. Mara nyingi ni sehemu ndogo, lakini sehemu ndogo iliyo yake kweli ni bora kuliko kubwa ambayo si yake.

SHERIA INAVYOMLINDA MVUMBUZI

Katika Kenya kazi hii imo mikononi mwa Taasisi ya Mali ya Viwanda, ijulikanayo kwa herufi KIPI, iliyoko Nairobi. Iliundwa kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, ikaanza kazi mwaka 2002. Ulinzi upo wa namna nne, na yafaa mtu azitofautishe ili asilipie asichokihitaji.

Ya kwanza ni hataza. Hii hutolewa kwa uvumbuzi ulio mpya, usioweza kubuniwa kwa urahisi na fundi yeyote wa kazi ile, na unaoweza kutumika katika viwanda. Hudumu miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, maadamu ada zake zinalipwa. Ni kama mapatano baina ya mvumbuzi na nchi: yeye hueleza siri yake yote kwa maandishi na michoro, na nchi humpa haki ya kuwazuia wengine kwa muda huo. Muda ukiisha, siri ni ya watu wote.

Ya pili ni cheti cha uvumbuzi mdogo. Hiki pia hutaka upya na manufaa, lakini hakitaki ile hatua kubwa ya ubunifu inayotakiwa katika hataza. Hudumu miaka 10. Kwa vifaa vingi vya nyumbani, ambavyo ni marekebisho mazuri ya vitu vinavyojulikana, njia hii huwa ndiyo inayofaa.

Ya tatu ni ulinzi wa sura ya kitu, yaani umbo na mapambo yake, siyo namna kinavyofanya kazi. Hudumu miaka 5, na huweza kuongezwa mara mbili hata ikafika miaka 15. Ya nne ni alama ya biashara, yaani jina au picha ambayo kwayo mnunuzi huitambua bidhaa. Hii huandikishwa kwa miaka 10, kisha huweza kufanywa upya kila miaka 10 bila mwisho.

Sasa yapo mambo matatu ambayo kutoyajua kumewapotezea haki watu wengi.

Jambo la kwanza ni kutangaza mapema. Kitu kikishaonyeshwa hadharani, kwa picha, kwa gazeti, au katika Maonyesho ya Kilimo, upya wake umeanza kuhesabiwa siku. Sheria ya Kenya humhurumia mvumbuzi: tangazo lililotokana na yeye mwenyewe halimwondolei haki iwapo atapeleka maombi kabla ya miezi 12 kupita. Lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo. Kwa hiyo kanuni iliyo salama ni hii: andikisha kwanza, onyesha baadaye, na kama umekwisha kuonyesha, hesabu miezi.

Jambo la pili ni kuchelewa. Watu wawili wakibuni kitu kimoja, kila mmoja kwa njia yake, haki humwendea aliyetangulia kupeleka maombi, siyo aliyetangulia kufikiri.

Jambo la tatu ni mipaka. Hataza iliyotolewa na Kenya haina nguvu ng'ambo ya Lwakhakha. Fundi wa upande wa Uganda aweza kuiga bila kuvunja sheria yoyote ya kwao. Mtu anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa aweza kupeleka ombi moja kwa shirika la ARIPO lililoko Harare, akataja nchi anazozitaka kati ya zile zilizomo katika mapatano hayo.

Kuna neno pia kuhusu watoto. Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa mzima afikapo miaka 18, kwa hiyo mikataba ya mtoto husimamiwa na mzazi au mlezi wake. Lakini kusimamia si kumiliki. Sheria yasema mvumbuzi atajwe kwa jina lake katika hataza, na mtu mzima anayemwandikia mtoto hati zake apaswa kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa mahali pa mvumbuzi ni la mtoto.

KILA KIMOJA SAWA NA KINGINE

Baada ya kulinda, kazi iliyo ngumu zaidi ni kutengeneza. Kuhusu jambo hili watu wa Kitale wana mfano karibu nao, ijapokuwa si wa mbao bali ni wa mbegu.

Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za majani ya malisho. Wakati huohuo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale walikuwa wakijaribu mahindi. Walichukua mahindi yaliyozoeleka ya Kitale wakayachanganya na mengine yaliyotoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini, na mwaka 1964 wakatoa mbegu iliyoitwa H611. Mbegu hiyo ilizaa kuliko wazazi wake wote wawili, na kampuni ikaichukua kuiuza.

Mkulima aliyeinunua katika duka la Kimilili hakumjua mtaalamu aliyeizalisha. Alinunua mfuko. Aliuamini kwa sababu mfuko wa jirani yake ulikuwa umeota vizuri, naye alitumaini kwamba wake ni sawa na ule. Kama mifuko ingetofautiana, mmoja ukiota na mwingine ukioza, utafiti wote ule usingefaa kitu.

Fundi wa kifaa cha nyumbani hana budi kuifuata kanuni hiyohiyo. Akitengeneza kwa kukisia kwa jicho, mashine ya kwanza itakuwa na kikanyagio cha urefu huu na ya pili urefu mwingine, na sehemu ya moja haitaingia katika nyingine. Dawa yake ni ubao wa kipimo: ubao mmoja uliokatwa na kutobolewa kwa usahihi, ambao kila kipande kipya huwekwa juu yake kabla ya kukatwa. Kwa ubao huo hata mwanafunzi wa useremala hukata vipande hamsini vinavyolingana. Tena sehemu zinazochakaa upesi, kama kamba na chombo cha maji, ziwe za namna inayopatikana katika kila soko, ili mnunuzi asilazimike kumtafuta fundi kwa ajili ya kamba.

Lakini mbegu na mashine ya kunawia zinatofautiana kwa jambo moja. Mbegu za namna ile hununuliwa upya kila msimu, kwa kuwa mazao hupungua mkulima akipanda punje alizovuna. Mashine ya kunawia hununuliwa mara moja kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwenye kuitengeneza hawezi kumtegemea mnunuzi yuleyule arudi. Hutegemea neno la mnunuzi kwa jirani.

HESABU INAYOFICHWA NA FURAHA

Wavumbuzi wengi huuza kwa hasara bila kujua, kwa sababu huhesabu walichonunua na kusahau walichotoa bila kununua. Tuseme fundi mmoja anatengeneza kifaa cha kunawia. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mtu ataweka bei za soko lake:

Mbao: Sh. 700
Mtungi wa plastiki: Sh. 100
Misumari na kamba: Sh. 120
Rangi: Sh. 130
Jumla ya vitu: Sh. 1,050

Fundi huyo akiuza kwa Sh. 1,500 hufurahi, akidhani amepata faida ya Sh. 450. Lakini alifanya kazi kutwa nzima, na siku hiyo angeweza kuajiriwa na mwingine kwa Sh. 700. Alilipa Sh. 150 kukipeleka kifaa mjini Kitale. Tena kwa kila vifaa kadhaa kimoja huharibika, na hasara hiyo ikigawanywa huwa kama Sh. 100 kwa kila kimoja. Gharama ya kweli basi ni Sh. 2,000. Kwa kila kifaa alichouza amepoteza Sh. 500, na kadiri anavyouza vingi ndivyo anavyozidi kuwa maskini.

Wengine wakiona hivyo hupandisha bei, na wanunuzi hukimbia. Njia iliyo bora ni kushusha gharama. Fundi huyohuyo akitumia ubao wa kipimo aweza kumaliza vifaa vinne kwa siku badala ya kimoja, na ujira wa kila kimoja hushuka kutoka Sh. 700 hadi Sh. 175. Akipeleka vifaa kumi pamoja kwa gari moja, nauli ya kila kimoja yaweza kushuka hadi Sh. 40. Sasa gharama ni Sh. 1,365, na ile bei ya Sh. 1,500 iliyokuwa hasara imekuwa faida ndogo. Akinunua mbao kwa bei ya jumla, faida huongezeka tena, na hupatikana nafasi ya kumwachia mwenye duka sehemu yake. Kwani hakuna duka linalouza bidhaa ya mtu bure.

Mtu asiye na mtaji wa kufanya hayo anayo njia nyingine. Aweza kumpa mwenye karakana ruhusa ya kutengeneza, kwa mkataba wa maandishi, naye akalipwa mrabaha, yaani fedha kidogo kwa kila kifaa kinachouzwa. Mkataba kama huo juu ya kitu chenye hataza huandikishwa katika KIPI. Bila hataza wala cheti, mvumbuzi hana cha kuruhusu. Mwenye karakana ataiga tu.

ALAMA YA UBORA NA MAHALI PA KUPATA MSAADA

Bidhaa zitengenezwazo Kenya kwa ajili ya kuuzwa hutakiwa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, KEBS, lililoanzishwa mwaka 1974. Mtengenezaji mdogo huiogopa alama hiyo kama kodi, lakini ina faida kwake: shule, hospitali na maduka makubwa husita kununua kitu kisicho na alama, na hao ndio wanunuao vifaa kumi au ishirini kwa pamoja.

Kwa ushauri wa ufundi ipo Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, KIRDI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kwa mikopo ya viwanda vidogo lipo shirika la Kenya Industrial Estates, lililoanza mwaka 1967. Na kwa karakana zenye mashine za kukatia na kutobolea, vijana wa sehemu hizi wanacho Chuo cha Ufundi cha Taifa cha Kitale, na chuo cha Sang'alo katika Bungoma, ambako walimu wa useremala na uhunzi wapo.

HABARI YA JIKO

Huenda msomaji akauliza: je, ni lazima kulinda? Je, haifai kuwaachia watu wote kitu chema? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika jikoni nyingi za Kenya.

Jiko la chuma la kuchomea makaa lilizoeleka nchini tangu zamani za ujenzi wa reli, na asili yake yasemekana ni mafundi wa Kihindi. Lilikuwa rahisi kutengeneza lakini lilipoteza moto: kati ya joto lote la makaa, asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu, miongoni mwao Bw. Maxwell Kinyanjui, walichukua mfano wa jiko la ndoo lililotumika Thailand wakalirekebisha kwa matumizi ya Kenya. Mifano ya kwanza ilikuwa na makosa. Bitana ya udongo ilipasuka. Wanawake waliopewa kulijaribu wakasema wasiyoyapenda, na wataalamu wakasikiliza. Mwishowe likapatikana jiko lenye kiuno chembamba, lililotiwa udongo wa kuchomwa katika nusu ya juu tu, na chini pana ili lisipinduke. Joto linalofika kwenye sufuria likapanda hadi asilimia 25 au hata 40.

Jiko hilo halikufungwa kwa hataza. Mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, na wa miji mingine walijifunza kulitengeneza; shirika la KENGO lilifundisha wengi. Kwa kuwa watengenezaji walikuwa wengi, bei ilishuka, na watu wa kawaida wakaweza kulinunua. Likavuka mipaka hata nchi za jirani. Kama lingefungwa, huenda lisingeenea hivyo.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuiga, waliiga hata wasiojua. Majiko yenye udongo usiochomwa vizuri yaliuzwa kwa sura ileile, yakapasuka baada ya muda mfupi, na mnunuzi hakuwa na alama ya kumwonyesha lililo jema na lililo bovu. Tena yafaa ikumbukwe kwamba wataalamu wale walikuwa na msaada wa fedha za miradi. Seremala wa kijijini aliyetumia akiba yake hana mradi wa kumlipa.

Basi njia zote mbili ni za heshima: kufunga na kufungua. Jambo lisilofaa ni kupoteza pasipo kuchagua. Mvumbuzi aliyeamua kuwapa watu wote kitu chake ametoa zawadi. Mvumbuzi ambaye kitu chake kimechukuliwa kwa sababu hakujua kwamba miezi 12 imepita hakutoa zawadi. Amenyang'anywa na kutojua.

HAJA YA LEO NA HAJA YA KESHO

Limebaki onyo moja. Mwaka ule wa 2020 mafundi wa chuma katika miji mingi ya Kenya walitengeneza mashine za kunawia za kukanyaga kwa mguu, zikasimama mbele ya kila duka na benki. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, na kabla ya hapo nyingi zilikuwa zimekwisha kukauka maji. Aliyekuwa amekopa fedha akaweka akiba ya vifaa mia moja kwa kutumaini hofu ya watu, alibaki navyo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara, hata chema hakijiuzi kama haja yake imepita. Lakini haja ya kunawa haikuanza na korona, wala haikwisha nayo. Kuhara na kipindupindu huenezwa kwa mikono michafu, na shule yenye watoto mia tano na bomba moja yahitaji chombo cha kunawia hata pasipo maradhi mapya. Mtengenezaji mwenye busara huitafuta haja hiyo ya kila siku, naye hurekebisha kifaa chake kiifae: hukifanya kiwe imara zaidi, kikae nje katika mvua, na kirekebishwe na mwalimu kwa kisu na kamba.

Mtoto wa Mukwa alikuwa na mbao za dirisha, misumari, na haja aliyoiona katika televisheni. Hakuwa na daftari la majaribio, wala ubao wa kipimo, wala hati. Hayo si ya kumdai mtoto wa miaka tisa. Ni ya kuwadai wazazi, walimu na mafundi walio karibu na mtoto kama yeye. Mtu mzima akirudi nyumbani akakuta mbao zake zimegeuka kuwa kitu ambacho hakupata kukiona, kwanza asikasirike. Pili, na akikaze kifaa hicho mpaka kisimame. Tatu, kabla ya kupiga picha na kuituma ulimwenguni, na aketi pamoja na mtoto waulizane: kitu hiki tunataka kiwe chetu, au kiwe cha watu wote? Jibu lolote watakalochagua litakuwa jema, maadamu wamelichagua wenyewe.